Mzee Karuhusiwa, Bado Hajapona: Kumsimamia Mzazi Kutoka Wodini Hadi Nyumbani Tabora

Daktari akisema "mzee anaweza kwenda nyumbani", familia nyingi husikia kwamba mzee amepona. Daktari hakusema hivyo. Alichosema ni kwamba kilichohitaji kitanda cha hospitali kimekwisha: mfupa umefungwa, presha imeshuka, homa imeondoka. Kutembea, kwenda chooni bila kubebwa, kushika kijiko, kuvaa kanzu mwenyewe, hayo bado, na ndiyo yatakayoamua kama atarudi kuwa mwenye mji wake au atabaki mtu wa kitandani. Kazi ya kuyarudisha hayo Wizara ya Afya huiita utengamao; wodini wanasema mazoezi tu.

Marekani kuna majengo ya kazi hiyo. Mzee akitoka hospitali hupelekwa kwenye kituo cha uuguzi kwa wiki kadhaa, hufanyishwa mazoezi, kisha hurudi kwake. Medicare, bima ya serikali kwa watu wa miaka 65 na kuendelea, hulipia hadi siku 100 kwa kipindi kimoja cha ugonjwa, na siku 20 za mwanzo mgonjwa hachangii kitu, ilimradi alilazwa hospitali siku 3 kwanza. Ugomvi wa watoto huko ni na kituo: mbona mnamtoa mama mapema?

Mzee wa kawaida wa Tabora hana jengo la namna hiyo katikati. Kazi ile ile hugawanyika sehemu tatu: wodi, chumba cha mazoezi cha hospitali, na nyumba ya mtoto anayeishi mjini. Sehemu hizo hazina mkuu mmoja. Daktari hajui kitanda cha nyumbani kina urefu gani. Mtaalamu wa mazoezi hajui kwamba mzee jana alikataa kula. Mkwe anayepika hajui kwamba baba hatakiwi kukalia kigoda. Anayeweza kuyajua yote matatu ni ndugu wa mgonjwa, na hiyo ndiyo kazi yenyewe ya kumsimamia mzazi: kubeba habari kati ya watu ambao hawakutani. Ukali hausaidii sana. Kumbukumbu nzuri inasaidia kuliko ukali.

Msemaji awe mmoja

Katika hospitali yoyote kubwa, ikiwemo Kitete, hospitali ya rufaa ya mkoa wetu, wauguzi hubadilishana zamu mchana na usiku. Upande wa pili wa kitanda nako kuna zamu. Asubuhi yupo binti, mchana kaka, jioni amewasili mjomba kutoka Urambo na maswali yake. Kila mmoja anamuuliza muuguzi jambo lile lile, kila mmoja anajibiwa tofauti kidogo. Kufika usiku, kundi la WhatsApp la ukoo lina habari tatu: mzee atapasuliwa, mzee hatapasuliwa, mzee apelekwe hospitali ya Bugando kesho. Ninavyoona, malalamiko mengi ya ndugu dhidi ya hospitali huzaliwa hapo, kabla hata hospitali haijakosea.

Kaeni kikao kifupi mapema, siku ya kwanza au ya pili. Mchagueni mtu mmoja. Si lazima awe mtoto wa kwanza, wala yule anayetuma fedha kutoka Dar es Salaam. Awe anayeweza kufika kila siku, asiyepandwa na hasira upesi, na ambaye mzee mwenyewe amemkubali. Jina na namba yake ya simu viandikwe kwenye faili la mgonjwa. Wengine wote wapitishe maswali kwake, pamoja na kaka mkubwa. Kaka mkubwa atanuna. Mpeni kazi nyingine yenye heshima, kama kushika fedha.

Huyo msemaji awe na daftari. Aandike tarehe, nani kamwona mzee, dawa gani imeongezwa au kuondolewa, amekula nini, ameketi kwa muda gani, choo amepata lini. Hilo la choo linaonekana dogo, mpaka mzee anayepewa dawa kali za maumivu akae siku tano bila kupata, tumbo lijae, aache kula, na watu waanze kunong'ona kwamba ugonjwa umezidi. Msemaji mwenye daftari angeliona siku ya tatu.

Raundi, na adabu inayowaponza wazee

Ndugu kwa kawaida hutolewa nje wakati wa raundi, na maamuzi mengi hufanyika wakati huo huo. Usigombane na utaratibu huu. Mwendee muuguzi mfawidhi wa wodi kabla raundi haijaanza, kwa salamu kwanza: "Shikamoo sista. Mimi ndiye ninayemsimamia mzee wa kitanda kile cha dirishani. Ningeomba dakika mbili na daktari akimaliza raundi." Ombi la namna hiyo mara nyingi hukubaliwa, kwa sababu linaonyesha kwamba familia imejipanga na haitaleta watu sita mlangoni.

Dakika mbili hizo zisipotezwe kwa "mzee anaendeleaje?" Jibu lake ni "anaendelea vizuri", na hujapata kitu. Uliza vitu vyenye jibu. Ameruhusiwa kukanyagia mguu, na kwa uzito kiasi gani? Anameza salama? Ameandikiwa mazoezi, na lini ataonwa? Mrija wa mkojo bado unahitajika? Kuna dawa aliyokuwa akitumia nyumbani ambayo imesimamishwa? Mnatarajia aweze kufanya nini kabla ya kuruhusiwa? Swali la mwisho ndilo ninalolipenda kuliko yote, kwa kuwa linamlazimisha kila mtu kutaja lengo: kukaa mwenyewe kitandani, kuhama kutoka kitanda kwenda kiti, kutembea hadi mlangoni. Bila lengo, siku ya kuruhusiwa huamuliwa na uhaba wa vitanda.

Halafu kuna mzee mwenyewe. Daktari akimuuliza hali, anajibu "sijambo, namshukuru Mungu", na usiku kucha hakulala kwa maumivu. Amelelewa hivyo, mtu mzima hamlilii mgeni. Msemaji asimkanushe mbele ya watu. Aseme, "Baba, mweleze daktari jana usiku mguu ulivyokufanya." Akishafunguliwa mlango, atasema. Na akianza kusema, mwache aseme yeye. Kuna watoto ambao kwa kupenda kusaidia humjibia mzazi kila kitu mpaka daktari akasahau kwamba mgonjwa ana akili zake.

Lugha nayo ina mitego. Bibi aliyeishi maisha yake yote ndani kabisa huko Kaliua au Sikonge, akipata homa au kiharusi, huenda akarudi kwenye Kinyamwezi kabisa. Muuguzi aliyetoka mkoa mwingine akimuuliza tarehe kwa Kiswahili na asipate jibu la maana, anaweza kuandika kwamba mgonjwa amechanganyikiwa. Msemaji ndiye anayejua. Sentensi mbili zake zina thamani ya kipimo: "hii ndiyo kawaida yake" na "hii siyo kawaida yake, juzi alikuwa anataja wajukuu wote kwa majina."

Ya pili ikiwa kweli, isemwe siku hiyo hiyo. Mzee anayeanza ghafla kuona watu ukutani, kung'oa dripu, kumwita mkewe aliyefariki zamani, au kinyume chake kuzubaa na kusinzia mchana kutwa, mara nyingi mwili wake unalia juu ya kitu kinachotibika: maambukizi ya mkojo au mapafu, upungufu wa maji, sukari iliyoshuka, dawa mpya iliyomzidi. Uzee peke yake hauleti hali hiyo kwa siku moja. Nayo siyo uchawi, ingawa najua mazungumzo ya nje ya wodi huelekea huko haraka. Wakati chanzo kinatafutwa, mrudishieni miwani yake, mpeni maji kama anaruhusiwa kunywa, na akae naye mtu anayemfahamu kwa sura.

Kitanda kinakula nyama

Mwaka 2007 ulichapishwa Marekani utafiti uliowalaza wazee wenye afya nzuri kitandani siku 10 tu. Walipoteza wastani wa karibu kilo moja ya nyama ya miguu. Hao hawakuwa wagonjwa. Mzee wetu amevunjika, ana homa, hali chakula vizuri, na kwa mapenzi tunamwambia "pumzika baba, usijisumbue". Kila siku ya kupumzika kwa namna hiyo atailipa kwa siku kadhaa za mazoezi, na kuna wanaoshindwa kabisa kulipa.

Kwa hiyo daktari akisharuhusu, aketi. Ale akiwa ameketi, asali akiwa ameketi, apokee wageni akiwa ameketi. Asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, na kila anapogeuzwa zikaguliwe sehemu za mifupa: kisigino, nyonga, mwisho wa uti wa mgongo. Kwa ngozi nyeusi msitafute wekundu. Tafuteni sehemu iliyokoza rangi zaidi, yenye joto au ngumu kuliko jirani yake. Kidonda cha mgandamizo huanza kwa saa chache na kupona kwake ni kwa miezi. Mpangilio wa kugeuza uandikwe kwenye daftari, na wanaolala hospitalini wapeane zamu. Wauguzi hawawezi kumfikia kila mgonjwa kila saa mbili, na kuwasubiri wao tu ni kumponza mzazi.

Wataalamu wa fiziotherapia ni wachache kuliko wagonjwa. Akija kitandani, simu iwekwe mfukoni. Mwombe akufundishe, kisha ufanye wewe mbele yake akusahihishe, na umuulize zoezi lirudiwe mara ngapi kwa siku na dalili gani ikuambie uache. Dakika ishirini zake zina maana kubwa kama zitarudiwa na ndugu mchana na jioni. Zisiporudiwa, zimebaki dakika ishirini.

Kiharusi kina yake

Mwenye kiharusi asipewe maji wala uji kabla uwezo wake wa kumeza haujaangaliwa. Ndugu hufika na chai kwa huruma, chai inaingia njia ya hewa, na siku mbili baadaye mzee ana nimonia. Akisharuhusiwa kula, aketi wima kabisa, apewe kidogo kidogo, abaki ameketi nusu saa baada ya kula. Akikohoa au sauti yake ikiwa kama ya mtu mwenye maji kooni, acheni na mwambieni muuguzi. Vinywaji vyepesi mara nyingi humshinda kuliko uji mzito.

Mkono uliopooza usivutwe. Ndiyo njia ya haraka ya kumwinua, na ndiyo inayoliharibu bega, likauma kwa miezi hadi mzee akatae mazoezi yote. Mshike kiunoni au kwenye mabega yote mawili.

Sasa suala la kukanda. Tabora kila mtaa una mtu anayejua kukanda, na hospitali ikikataa waziwazi, familia itafanya kwa siri. Mimi naona ni afadhali kulizungumza. Kupapasa na kusugua taratibu kwa mafuta hakumdhuru mtu na humfariji. Kinachodhuru ni maji ya moto au majani ya moto juu ya ngozi isiyohisi, kwa sababu mzee ataungua bila kusema. Kunyoosha viungo kwa nguvu. Na kukanda paja au shavu la mguu lililovimba na kuuma, maana huenda kuna damu iliyoganda ndani na ikisukumwa inaweza kwenda mapafuni. Mwelezeni mkandaji mipaka hiyo. Kama ni mtu wa kuaminika, ataielewa.

Mabadiliko makubwa baada ya kiharusi kwa kawaida hutokea katika miezi mitatu ya mwanzo. Hayaishii hapo, ila huwa ya taratibu zaidi. Familia nyingi hutumia miezi hiyo mitatu kuzunguka kwa waganga, kisha hurudi kuuliza mazoezi mwezi wa sita. Kwenda kwa mganga na kufanya mazoezi havigombanii muda. Kinachoumiza ni kimoja kusubiri kingine kiishe.

Nyonga, kigoda na choo

Mzee aliyevunjika nyonga ana njia mbili kuu: kupasuliwa, au kulala akivutwa mguu kwa uzito kwa wiki nyingi. Kwa mtu wa miaka sabini na kitu, njia ya pili huleta yote niliyoyataja juu: vidonda, nimonia, damu kuganda, nyama kuisha. Ndiyo maana swali la msemaji liwe mapema na la moja kwa moja. Je, upasuaji unawezekana hapa, na lini? Kama hauwezekani, rufaa ni ya wapi na inasubiri nini? Bugando kule Mwanza hupokea wengi wa upande wetu, na ndani ya mkoa ipo Nkinga, wilayani Igunga, hospitali ya rufaa ya kanisa. Familia ikiamua kukataa upasuaji, ikatae ikiwa imeelezwa njia zote mbili zina hatari gani, na mzee mwenyewe akiwepo.

Aliyebadilishwa kichwa cha nyonga huwa na masharti kwa wiki kadhaa, mpangilio wake ukitegemea daktari alivyopasua. Mara nyingi huambiwa asikunje nyonga kupita pembe mraba, asikunje miguu nne, asikae chini kuliko magoti yake. Yaandikwe kwenye karatasi halafu tembeleeni nyumba mkiwa na karatasi hiyo mkononi. Kigoda cha kuotea moto hakifai. Mkeka haufai. Kitanda cha kamba kilichobonyea katikati hakifai. Na choo cha kuchuchumaa, ambacho ndicho tulicho nacho wengi, hakifai hata kidogo.

Hapa ndipo mipango mingi inapovunjika, na dawa yake ni seremala. Kiti imara chenye tundu katikati, miguu yake ipite pande zote mbili za shimo, kimo chake kiwe kinachomwezesha mzee kukaa magoti yakiwa chini kidogo ya nyonga, na mikono ya kushikia wakati wa kuinuka. Mpime mzee akiwa bado wodini: kutoka nyuma ya goti hadi kisigino, kisha ongezeni kidogo. Ukuta wa choo upigiliwe mti wa kushika. Kitanda kiinuliwe kwa matofali. Kizingiti cha mlango kisawazishwe kwa udongo au saruji, na njia ya chooni iwe na taa ya sola usiku, kwa sababu wazee wengi huanguka mara ya pili wakienda kukojoa gizani. Uani, miti miwili iliyolazwa kama reli kwenye kimo cha kiuno, mita tatu hivi, inatosha kuwa uwanja wa kujifunzia kutembea.

Wazee Waislamu, na Tabora ni wengi, huumia zaidi kwa swala kuliko kwa kigoda. Kuambiwa asisujudu ni kitu kikubwa. Msemaji asijitie ushehe. Amwite imamu wa msikiti wake aje amweleze kwamba asiyeweza kusimama huswali ameketi, na asiyeweza kuketi huswali amelala. Neno hilo likitoka kwa imamu, mzee hutulia. Likitoka kwa mtoto, anaona anadanganywa.

Jambo dogo ambalo hukosewa karibu kila siku: fimbo hushikwa mkono wa upande mzima, mkabala na mguu mbovu, na huenda mbele pamoja na mguu huo. Watu huishika upande unaouma.

Fedha na karatasi

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 humtambua mzee kuwa ni mtu wa miaka 60 na kuendelea, na kwa sera ya afya wazee wasio na uwezo hustahili matibabu bila malipo katika vituo vya serikali. Kustahili hakutoshi bila karatasi. Mtu wa kuonana naye ni afisa ustawi wa jamii wa hospitali, mkiwa na kitambulisho cha mzee cha matibabu kama anacho, au barua ya mtendaji wa kijiji au mtaa. Nendeni kabla deni halijakua, wala msisubiri siku ya kutoka. Kama mmoja wa watoto ni mtumishi mwenye bima ya taifa ya afya, NHIF, wazazi wanaweza kuwa miongoni mwa wategemezi wake, ila lazima wawe wamekwisha kuandikishwa. Wengi hukumbuka hilo mzee akiwa kwenye machela. Taratibu za bima zinabadilika tangu Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, kwa hiyo ulizeni dirishani sasa, msitegemee aliyolipa jirani miaka iliyopita. Barua ya rufaa itunzwe kama fedha: bima nyingi hazisogei bila hiyo.

Na malipo yote yawe na risiti. Anayeomba cha pembeni ili mzee ageuzwe au aonwe haraka asipewe.

Siku ya kutoka

"Ameruhusiwa" husemwa ghafla, mara nyingi Ijumaa. Kabla ya kufunga mizigo, msemaji asome karatasi ya kuruhusiwa akiwa bado ndani ya wodi. Iwe na jina la ugonjwa, kilichofanyika, kila dawa na kazi yake na muda wake, tarehe ya kliniki na tarehe ya mazoezi. Dawa za presha na kisukari ziulizwe kwa jina: hizi ni za wiki mbili au za maisha? Mzee aliyepata kiharusi akamaliza kifurushi na kusema dozi imekwisha yuko njiani kurudi. Onyesheni pia vidonge vyote vilivyokuwa nyumbani, vya dukani na vya mitishamba. Diklofenaki, dawa ya maumivu inayopendwa kwa miguu, hupandisha presha, huumiza figo na tumbo la mzee.

Kama malengo mliyokubaliana hayajafikiwa, semeni, bila kelele: "Daktari, tulikubaliana aweze kuhamia kwenye kiti. Bado tunambeba watu wawili. Tunaomba mtu wa mazoezi atufundishe kumhamisha kabla hatujaondoka." Ombi hilo ni dogo na linatekelezeka. Likikataliwa bila sababu, panda ngazi kwa utaratibu: muuguzi mfawidhi wa wodi, metroni au patroni, kisha mganga mfawidhi wa hospitali. Peleka daftari. Malalamiko yenye tarehe na saa husikilizwa. Ya "hawa watu hawajali" husikilizwa kwa heshima na kusahauliwa. Mambo mazito ya mwenendo wa mtaalamu yana Baraza la Madaktari na Baraza la Uuguzi na Ukunga.

Kisha swali gumu: aende wapi? Mzee anataka kwake, Sikonge, kwenye ng'ombe na mizinga yake. Mazoezi yako mjini. Basi mara tatu kwa wiki kwa mtu aliyetoka kupasuliwa halifai, na familia huacha baada ya safari ya pili. Wiki sita za mwanzo katika chumba cha mtoto aliyeko mjini, kata kama Cheyo, Isevya au Ng'ambo, ndizo kituo cha utengamao cha Tabora. Mwambieni mzee muda huo tangu mwanzo, na tarehe ya kurudi iwe ya kweli. Mzee asiyejua atarudi lini huona kwamba amehamishwa, na hufanya mazoezi kwa shingo upande. Kama hakubali kukaa mjini hata kwa tarehe, basi ombeni mpango wa mazoezi wa kufanyia kijijini, wa kuonekana kliniki kila baada ya wiki mbili au tatu, na zahanati ya karibu pamoja na mhudumu wa afya ngazi ya jamii wapewe nakala ya karatasi.

Nani amwogeshe lipangwe kabla, maana mkwe hawezi kumwogesha baba mkwe wake, na binti kwa baba yake ni mtihani kwa wote wawili. Mjukuu wa kiume mara nyingi ndiye jibu. Na kwa kuwa babu na mjukuu ni watani, yeye pia ndiye atakayeweza kumwambia "mzee, leo umeshindwa hata kufika kwenye mwembe?" na mzee akainuka kwa hasira ya utani. Mtoto wake wa kuzaa akisema hivyo ni utovu wa adabu.

Mzee akikataa zoezi, tafuteni sababu kwanza. Mara nyingi ni maumivu. Apewe dawa nusu saa au saa moja kabla. Wakati mwingine ni huzuni, ambayo baada ya kiharusi huja kwa wengi na hutibika, kwa hiyo itajwe kliniki kama dalili nyingine yoyote. Na wakati mwingine amekataa tu, kwa akili timamu, baada ya kuelezwa. Hapo ana haki yake, na kazi ya msemaji ni kuuliza kipi kati ya yaliyobaki yuko tayari kukifanya.

Arudishwe hospitali siku hiyo hiyo, bila kusubiri tarehe ya kliniki, ikiwa mguu mmoja umevimba na kuuma, kifua kimebana, kidonda kinatoa usaha au kunuka, homa imepanda, mguu uliopasuliwa umefupika au kugeuka ghafla, mdomo umepinda au maneno yamekwama. Kwenye kliniki ya kawaida nendeni na daftari, dawa zote ndani ya mfuko mmoja, na video fupi ya simu ikimwonyesha mzee anavyotembea uani, kwa sababu mbele ya daktari atatembea vizuri kuliko anavyotembea nyumbani. Na kama miezi mitatu imepita na hawezi kusimama peke yake, ulizeni kwa nini, na kama kuna sehemu ya kumpeleka zaidi.